Pete za Mahomes hazihesabiwi kwenye fantasi

Ndugu Mhariri,

Mwandishi wenu wa michezo aliyewapanga makwotabeki (warusha mpira) wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, wiki iliyopita na kumweka Patrick Mahomes wa Kansas City juu kabisa, alifanya kazi nzuri mpaka alipofika aya ya mwisho. Hapo akawaambia wasomaji wanaocheza fantasi, ule mchezo wa kujiundia kikosi cha wachezaji wa kweli na kupata pointi kwa wanayoyafanya uwanjani, waikate orodha ile, waiweke karibu, na siku ya kuchagua wachezaji waifuate kama ilivyo. Usiku uleule mtoto wa kaka yangu aliyeko Tanga akanitumia picha ya ukurasa kwa WhatsApp: "Shangazi, gazeti limesema Mahomes namba moja. Namchukua raundi ya pili, kabla hujaniwahi." Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani. Kazi yangu ni kutunza wazee huku Silver Spring, Maryland, na ligi yetu ya fantasi ni ya watu wa kazini: wauguzi, mpishi, mlinzi wa zamu ya usiku, na huyo kijana wetu anayecheza kwa simu kutoka nyumbani. Timu kumi. Pesa hatuweki, kamari mimi siitaki na wenzangu wameliheshimu hilo. Anayeshika mkia anawapikia wote mwisho wa msimu. Pilau yangu wameshaila sana, lakini haijawahi kuwa ya adhabu. Nasema hivyo ili mjue anayeandika si mpita njia.

Wasomaji wenu wengi wanaijua fantasi ya Ligi Kuu ya England. Kule kila mtu anapewa bajeti ya pauni milioni 100, na mkitaka Salah mnaweza kuwa naye ninyi nyote. Huku kwetu mchezaji akishachukuliwa, kachukuliwa. Mnachagua kwa zamu, na aliyekuwa wa mwisho raundi ya kwanza anaanza raundi ya pili, mnakwenda na kurudi hivyo raundi kumi na kitu. Kwa hiyo swali la "nani bora" ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni umchukue lini, na kwa kumchukua yeye unamwachia jirani yako nani.

Turudi kwenye ile "nani bora." Mwandishi wenu amempa Mahomes nafasi ya kwanza kwa sababu ya pete zake tatu za ubingwa wa Super Bowl, fainali ya NFL. Sibishani naye. Ningekuwa na timu ya kweli, na mechi imebaki dakika mbili, ningempa Mahomes mpira na kufumba macho. Ila fantasi haijui pete. Haijui hata nani kashinda mechi. Inajua yadi, yaani umbali mpira unaosogezwa mbele, na tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la adui, basi. Katika ligi nyingi, yetu ikiwemo, kwotabeki anapata pointi moja kwa kila yadi 25 za pasi na pointi 4 kwa pasi ya tachidauni, na anakatwa 2 pasi yake ikinaswa na adui. Akikimbia na mpira mwenyewe, anapata pointi moja kwa kila yadi 10, na tachidauni ya miguu ni pointi 6. Someni tena hiyo sentensi ya mwisho. Yadi ya mguu ina thamani mara mbili na nusu ya yadi ya mkono.

Chukueni kalamu mpige hesabu ya msimu wa 2024 kwa watu wawili. Joe Burrow wa Cincinnati alirusha yadi 4,918 na tachidauni 43, akawaongoza makwotabeki wote wa ligi kwa vyote viwili; pasi 9 zilinaswa. Josh Allen wa Buffalo alirusha yadi 3,731, tachidauni 28, zilizonaswa 6. Kwa mikono peke yake Burrow ana pointi kama 350 na Allen 249. Mia moja kamili na zaidi kidogo! Mtu angesema mjadala umekwisha. Sasa ongezeni miguu. Allen alikimbia yadi 531 na kuingiza tachidauni 12, hizo ni pointi 125. Burrow alikimbia yadi 201 na tachidauni 2, pointi 32. Ile mia imebaki pointi nane. Mkitoa adhabu ya mipira iliyowaponyoka, ambako Burrow aliumia zaidi, na mkiongeza kituko kimoja cha Allen, basi Allen anamaliza mbele.

Kituko chenyewe siwezi kukiruka. Desemba 2024, theluji inamwagika Buffalo, wanacheza na San Francisco. Allen anampa pasi mwenzake Amari Cooper, Cooper anabanwa, anamrudishia mpira Allen huyohuyo, naye anakimbia anaingia. Kwenye vitabu akaandikiwa tachidauni ya kurusha na tachidauni ya kupokea kwa mpira mmoja. Mlinzi wetu wa usiku ndiye alikuwa naye kwenye kikosi. Pointi kumi na ushei kwa kujipasia mwenyewe, na sisi wengine tunatazama tu.

Mahomes je? Msimu huohuo timu yake ilishinda mechi 15 kati ya 17 na ikafika fainali. Kwenye karatasi yangu: yadi 3,928, tachidauni 26, zilizonaswa 11, na miguu kidogo. Inatoka kama pointi 280. Kansas City walishinda kwa ulinzi, kwa subira, na kwa kula muda. Hayo yote ni hekima ya mpira, ila kwa mwenye fantasi hayana hata nusu pointi. Ukimchukua raundi ya pili kwa sababu ya heshima, umetoa zawadi.

Tena sheria za ligi yako ndizo zinazopanga orodha, kabla ya mwandishi yeyote. Kuna ligi zinatoa pointi 6 kwa pasi ya tachidauni badala ya 4. Hapo Burrow anaongezewa 86 na Allen 56, na Burrow anapanda juu ya Allen bila mtu yeyote kurusha mpira mpya. Orodha isiyosema imepangwa kwa sheria zipi haimsaidii mchaguaji. Mwandishi wenu hakusema.

Sasa suala la lini, ambalo kwangu ndilo lenye utamu. NFL ina timu 32, kila moja ina kwotabeki wake. Ligi yetu ina timu kumi, na kila wiki kila mmoja anapanga kwotabeki mmoja tu. Kwa hiyo wanaotakiwa ni kumi, na waliopo ni zaidi ya thelathini. Wakimbiaji, wale wanaobeba mpira na kukimbia nao, kila mmoja wetu anahitaji wawili au watatu, na wa kutegemewa ni wachache, tena wanaumia ovyo. Anayejua soko la Mgandini anaanzia kwenye samaki, maana nguru wakiisha wamekwisha. Nyanya atazikuta hata jua likizama. Makwotabeki wa fantasi ndio nyanya. Agosti 2024 Baker Mayfield wa Tampa Bay alikuwa anachukuliwa mwishoni kabisa, na Bo Nix wa Denver, aliyekuwa mgeni kwenye ligi mwaka ule, wengi hawakumgusa. Mayfield akarusha yadi 4,500 na tachidauni 41. Nix, kwa hesabu yangu, alifika kama pointi 310. Kati yake na Allen, ambaye watu walimchukua mapema sana, tofauti haifiki pointi nne kwa wiki. Wakati huohuo aliyemwacha Saquon Barkley, mkimbiaji wa Philadelphia, ili apate kwotabeki alimwona Barkley akikimbia yadi 2,005 kwenye kikosi cha jirani.

Na kosa hili ni la kale kama mchezo wenyewe. Fantasi ilianzishwa na Bill Winkenbach, mmoja wa wenye hisa wa Oakland Raiders, mwaka 1962, wakiwa hotelini New York timu iko safarini. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Oakland mwaka 1963. Mtu wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa George Blanda, kwotabeki. Wa pili alikuwa Jim Brown, mkimbiaji, ambaye msimu ule alikimbia yadi 1,863. Miaka sitini na mbili baadaye nasoma ushauri uleule kwenye gazeti la Kiswahili.

Siwaambii wasomaji wasichukue kwotabeki mzuri kabisa. Wapo wachache wanaostahili kupandishwa, na wote ni watu wa miguu. Wa kwanza kwangu ni Lamar Jackson wa Baltimore. Huku tuko saa moja hivi kutoka Baltimore, kwa hiyo mtasema ni ujirani, lakini hesabu ipo. Mwaka 2019 alikimbia yadi 1,206, ambazo hakuna kwotabeki aliyewahi kuzifikia, na alikuwa na pasi za tachidauni 36 juu yake. Mwaka 2024 akarusha pasi za tachidauni 41, zilizonaswa 4 tu, na bado akakimbia yadi 915. Huyu ndiye kijana ambaye wakubwa wa mchezo walisema abadilishwe kazi awe mpokeaji, na timu nyingi zikampita mwaka 2018 mpaka akachukuliwa wa 32. Hofu yangu kwake ni moja: anayekimbia hupigwa, na misimu ya 2021 na 2022 hakuimaliza kwa kuumia. Ndiyo maana namweka wa kwanza lakini simchukui kabla ya raundi ya tatu. Akiondoka kabla ya hapo, nenda salama.

Allen wa pili, na asiyekubali nimweke nyuma ya Jackson simshangai.

Jayden Daniels wa Washington ni wa tatu, na hapa lazima nipambane na moyo wangu. Timu yake inacheza Landover, karibu na kwangu. Oktoba 2024, sekunde za mwisho dhidi ya Chicago, alirusha mpira juu kama anayeutupa tu, ukagongwagongwa na mikono ya watu, ukamwangukia mwenzake Noah Brown ndani ya eneo la mwisho. Yadi 52, wakashinda 18 kwa 15. Wazee wangu wa ghorofa ya pili, ambao wengine tunawalisha kwa kijiko, walipiga kelele mpaka muuguzi mkuu akapanda kuuliza kuna nini. Pointi za fantasi za mpira ule? Sita na kitu. Kelele hazina pointi pia. Nimempa nafasi ya tatu kwa sababu ya yadi 891 alizokimbia akiwa mgeni, na kama si hizo angekuwa chini, pamoja na mapenzi yote.

Wa nne Jalen Hurts wa Philadelphia. Habari yake inategemea kura. Eagles wakibakiza yadi moja wanamsukuma kwa nyuma kundi zima mpaka aingie, na kwa njia hiyo na nyingine alikuwa na tachidauni 14 za miguu mwaka 2024, wakati pasi za tachidauni ni 18 tu. Timu ya Green Bay ilipeleka pendekezo mtindo huo upigwe marufuku. Mwezi Mei 2025 wenye timu wakapiga kura: 22 wakaunga mkono, 10 wakakataa, na zilihitajika 24. Kura mbili hizo ndizo zilizombakiza Hurts kwenye orodha yangu. Sikuona neno lolote kuhusu hilo kwenye makala yenu, na kwa mchaguaji ilikuwa habari kubwa kuliko pete zote.

Burrow wa tano, au wa pili kama ligi yako ni ile ya pointi 6. Baada ya hapo funga orodha, jaza wakimbiaji na wapokeaji, halafu kuanzia raundi ya tisa okota Mayfield, Nix, au Mahomes mwenyewe akiwa bado yupo. Kwa bei hiyo namtaka hata mimi. Uwe na wa akiba pia, hasa kama wako ana umri. Septemba 2023 kwotabeki Aaron Rodgers alianza mechi yake ya kwanza na Jets ya New York, ikachezwa mipira minne, akakatika mshipa wa kisigino, msimu ukaishia hapo. Alikuwa na miaka 39.

Ombi langu kwenu ni dogo. Msimu wa 2025 unafunguliwa Alhamisi tarehe 4 Septemba, Dallas wakiwa Philadelphia, na huko kwenu itakuwa Ijumaa saa tisa na dakika ishirini usiku. Mechi nyingi za Jumapili zitaanza saa mbili usiku kwa saa za Afrika Mashariki, na huku saa zikirudishwa nyuma mwezi Novemba zitakuwa saa tatu. Mkichapa ratiba kwa saa zetu mtakuwa mmewasaidia vijana kuliko orodha yoyote, maana mchezaji akishaanza mechi humtoi tena kikosini, na huyu wa kwetu Tanga mwaka jana alipoteza wiki nzima kwa kuhesabu saa vibaya. Na ile aya ya mwisho irekebishwe kabla ya Jumapili ijayo. Ndiyo siku tunayochagua, na mimi nina zamu ya nne, kijana ya tano.

Msomaji wenu,
Silver Spring, Maryland