Anayelala mchana aachwe alale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie usingizi wa watu wa zamu, hasa sisi ambao tukitoka kazini tunavaa raba na kwenda kukimbia. Mimi ni muuguzi hapa Dodoma, naishi Nkuhungu, na huu ni mwaka wa sita nafanya mazoezi na kikundi cha jogging cha mtaani kwetu.

Jumamosi moja ya mwezi Juni nilitoka zamu ya usiku, ya tatu mfululizo. Nilibadili nguo kazini, nikawawahi wenzangu, tukashika barabara ya Singida. Nilijiona niko imara kwa sababu baridi ya asubuhi ilikuwa imenichangamsha. Tulipofika kama kilometa ya nane, dada mmoja alinivuta mkono kwa nguvu, na lori likapita pale pale nilipokuwa. Nilikuwa nimeingia katikati ya lami, macho yako wazi, na honi sikuisikia. Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa kumi alfajiri, nilikuwa nimesoma jina la dawa kwenye faili la mgonjwa mara tatu ndipo likaniingia kichwani. Nilipounganisha mambo hayo mawili niliogopa sana, na tangu hapo nimekuwa nikijifunza kuhusu usingizi kama nilivyojifunza kazi yangu.

Mwili una saa yake ya ndani. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017 kwa kueleza namna saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya chembe hai. Saa hiyo hurekebishwa na mwanga. Karibu na alfajiri joto la mwili hushuka na akili huzubaa, hata kwa aliyezoea zamu miaka ishirini. Jua likichomoza, mwili hupata ishara ya kuamka, na ndiyo maana mtu aliyekesha akilala saa tatu asubuhi hushtuka saa sita mchana akidhani amelala vya kutosha. Mtu mzima anahitaji walau saa 7. Na aliye macho kwa saa 17 mfululizo, uangalifu wake hushuka hadi kufanana na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hebu tupige hesabu: aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi akaingia zamu jioni bila kulala kidogo, saa tano usiku tayari ameshafika hapo. Zamu yake bado mbichi, na asubuhi atapanda pikipiki kurudi nyumbani.

Kwa mwanamichezo hasara ni mara mbili. Homoni ya ukuaji, inayosaidia kutengeneza misuli iliyochoka, humwagika zaidi tukiwa kwenye usingizi mzito wa mwanzo. Mazoezi makali juu ya usiku wa kukesha hayajengi kitu, yanabomoa tu. Mwaka jana wa 2025, mwezi Septemba, Alphonce Simbu, kijana wa jirani zetu Singida, alitupatia dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo kwa saa 2:09:48, na hapa mjini watu wengi wamepata hamu ya kukimbia. Ni jambo jema mno. Lakini wakimbiaji wa kiwango hicho hukimbia alfajiri, wakala, kisha wakalala tena mchana kabla ya mazoezi ya jioni. Kwao usingizi wa mchana ni sehemu ya ratiba. Kwetu muuguzi, mlinzi au dereva akilala mchana, mtaa mzima unamwita mvivu.

Hapa ndipo penye uchungu wangu. Hodi zetu hazina mwisho. Mtu anakuja kuazima ndoo, mwingine analeta kadi ya mchango, watoto wanacheza mpira ukutani, na muuza mkaa anapita. Mama mkwe wangu alipokuja kukaa nasi kutoka Kongwa, siku ya pili alimuuliza mwanawe, "Huyu mwenzio anaumwa? Jua limefika utosini na bado amelala." Mume wangu alimweleza taratibu: mama, huyu analala sasa kwa sababu usiku alikuwa anawahudumia wagonjwa. Tangu siku hiyo mama alikuwa akiweka kigoda chake karibu na mlango, akichambua mlenda, na kila aliyefika alimwambia kwa sauti ya chini, "Mkwe wangu ametoka kazini, njoo saa tisa." Sijawahi kulala vizuri kama wiki zile tatu. Alipoondoka nililia, na sikumlilia kwa sababu ya mapenzi peke yake.

Mengine niliyojifunza ni madogo, ila yamenisaidia. Tulihamisha kitanda kwenda chumba cha upande wa magharibi, kwa kuwa jua la asubuhi halikifikii na bati lake huchelewa kupata moto. Kwa miezi ya Oktoba na Novemba hapa Dodoma, hilo peke yake limeniongezea karibu saa mbili za usingizi. Dirishani nimetundika blanketi zito nyuma ya pazia. Nikitoka kazini navaa kofia pana na miwani ya jua. Kahawa nilikuwa nakunywa saa kumi alfajiri ili nimalize zamu. Baadaye nikajua kwamba kwa watu wengi nusu yake bado imo mwilini baada ya saa 5 hivi, yaani saa tatu asubuhi, wakati ambao ninatafuta lepe la usingizi. Sasa mwisho wangu ni saa sita usiku. Kabla ya zamu ya kwanza ya usiku nalala mchana kwa muda wa saa moja na nusu. Na asubuhi ya baada ya zamu sikimbii kabisa. Naamka kama saa tisa, nakula, na saa kumi na moja jioni nakwenda kilometa tano za polepole. Mbio ngumu nazisubirisha mpaka siku ya pili ya mapumziko.

Hata hivyo blanketi la dirishani halisaidii kitu kama rosta ni mbaya. Kituo kimoja nilikowahi kufanya kazi, tulikuwa tunatoka saa moja na nusu asubuhi na kutakiwa kurudi saa nane mchana siku hiyohiyo, na aliyelalamika aliambiwa hana moyo wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, isipokuwa kwa makubaliano ya maandishi katika mazingira maalumu. Pia inatambua kazi ya usiku kuwa ni kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, yenye nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Walinzi wengi wa mitaani kwetu hawajawahi kusikia habari hizo. Wanaopanga rosta nawaomba wazitoe mapema, wiki mbili kabla ikiwezekana, na mtu akibadilishiwa zamu aende mbele, asubuhi kwenda mchana, mchana kwenda usiku, kwa sababu mwili huvumilia zaidi kuchelewa kulala kuliko kuwahi.

Kwa viongozi wa jogging hapa mjini nina ombi moja. Karibu mazoezi yetu yote ni alfajiri, na waliokesha wanakuja hivyohivyo kwa kuogopa kukosa wenzao. Tuweke siku mbili za jioni katikati ya wiki, saa kumi na moja. Kikundi chetu kitaanza Jumanne ijayo, na aliyetoka zamu popote Dodoma, awe mlinzi, dereva wa basi la usiku au mwokaji mikate, anakaribishwa akishaamka.

Muuguzi wa zamu,
Nkuhungu, Dodoma