Mwanangu, unakwenda Kongwa msimu wa karanga

Tabata, Dar es Salaam
Juni, usiku

Mwanangu kipenzi,

Umelala umekumbatia begi utafikiri kuna mtu atakuja kukuibia. Nimelichungulia. Gauni mbili, daftari la kuchorea, kanga ya kumpelekea bibi, na yule mdoli wako asiye na mkono. Kifuko chekundu sijakifungua, nimekipapasa tu kwa nje: kalamu mbili za adrenalini, zile sindano za kukuchoma karanga zikikudhuru, dawa ya maji ya aleji, karatasi ya daktari. Alfajiri mjomba wako anakuja kukuchukua mwende stendi ya Magufuli, na kwa mara ya kwanza utalala kwa bibi bila mimi.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini hatuendi kwa bibi kama watoto wenzako wanavyokwenda kwa bibi zao. Kila mara nimekujibu nauli. Nauli ilikuwepo, mama. Sasa una miaka minane na unasoma vizuri kuliko nilivyosoma mimi nikiwa darasa la tano, kwa hiyo nakuandikia. Usichoelewa leo kiache, barua haiozi.

Kwanza ujue kwamba mimi nimesomeshwa na karanga. Bibi yako alikuwa analima ekari mbili kwa jembe la mkono, na kila mwezi wa sita ua wetu ulijaa magunia. Tulikaa chini watoto wote tunabangua mpaka ncha za vidole zinachubuka. Ada ilitoka hapo, sare, daftari, hata kitanda nilichokwenda nacho bweni. Mboga nazo zilikuwa karanga: mlenda wa karanga, mchicha wa karanga, kisamvu cha karanga. Bibi anapenda kusimulia jinsi Waingereza walivyokuja palepale Kongwa mwaka 1947 na matrekta yao, wakitaka kuanzia hapo kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu wapande karanga, wapate mafuta ya kula kwao baada ya vita. Udongo ukakauka kama saruji, mibuyu ikavunja vyuma, mvua ikagoma. Mwaka 1951 wakafunga virago. Bibi alizaliwa baadaye, lakini ukimsikiliza utadhani aliwapungia mkono wakiondoka. Siku moja aliniambia, "Karanga za Kongwa zimewashinda Waingereza, na sasa zinamshinda wajina wangu," yaani wewe. Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka, maana wakati huo tulikuwa hatujapatana bado.

Ulipokuwa mchanga ngozi yako ilikuwa na shida. Tangu miezi miwili mashavu yalikuwa mekundu, nyuma ya magoti na kwenye viwiko pamepasuka panatoa maji. Zahanati wakasema ni pumu ya ngozi. Baba yako alikuwa hajapata kazi, kwa hiyo mimi nilikuwa nakaanga karanga kwa chumvi na mchanga, nazifunga kwenye vifuko vya shilingi mia, nawagawia wenye maduka ya mtaani. Nilifanya hivyo wewe ukiwa mgongoni. Ukilia nakushusha, nakunyonyesha, nakupaka mafuta kwenye vile vidonda, kwa mikono hiihii iliyojaa unga wa maganda ya karanga. Sikuwa na wazo lolote baya. Nilikuwa natafuta pesa ya kula.

Miezi saba nikakupikia uji wa lishe. Unajua unavyotengenezwa: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, unapeleka mashineni vinasagwa pamoja. Kijiko cha tatu ukaanza kujikuna mdomo. Cha nne ukatapika. Nikadhani umeshiba. Nilipokufuta uso nikaona midomo imevimba, mabaka yamepanda shingoni kama ramani, na ukawa unalia sauti haitoki vizuri. Jirani mmoja akasema ni jicho, una mashavu mazuri watu wamekutazama. Mwingine akasema mchango. Aliyekuokoa ni dereva wa bajaji, ambaye hakusema kitu, aliwasha tu. Zahanati nesi alikutazama mara moja, akauliza, "Amekula nini?" Kabla sijamaliza kujibu akawa ameshakuchoma sindano pajani. Baada ya dakika chache rangi ikarudi. Hilo neno, adrenalini, nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Muda mrefu baadaye, tulipofika kwa daktari wa watoto, alinieleza jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Alisema ngozi ni kama ukuta wa nyumba. Mtoto akikijua chakula kwanza kwa mdomo, mwili mara nyingi unakizoea. Lakini ukuta ukiwa umepasuka, na vumbi la chakula hichohicho likaingia kwenye nyufa kabla mtoto hajala, mwili unaweza kulichukulia kama mwizi, ukajiandaa kupigana nalo. Siku akilila, vita. Akaongeza kwamba kwa mtoto mmoja mmoja hakuna anayeweza kujua ilianzaje, na kwamba wapo akina mama wengi wanaofanya biashara ya karanga na watoto wao wazima. Maneno hayo ya pili niliyasikia, lakini yaliyoingia ni yale ya kwanza. Nilitoka pale nimeificha mikono ndani ya kanga.

Sasa habari ya bibi.

Ulikuwa na miaka minne, tumekwenda Kongwa wote. Nilikuwa nimeshamweleza bibi: karanga hapana, hata punje. Alinisikiliza, akatikisa kichwa. Lakini moyoni alikuwa na lake. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kudhurika na karanga, wazee wamezikwa na karanga mfukoni. Aliona ni ugonjwa wa mjini, mwili wako haujazoea tu. Siku ya tatu nilikwenda kisimani, yeye akatia kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa kwenye mlenda wako. Kimoja. "Nilitaka damu yake izoee," ndivyo alivyosema.

Nikueleze kitu kinachonishangaza hadi leo: wazo lake halikuwa la kijinga. Nje huko kuna hospitali ambazo huzoesha watoto karanga kwa vumbi lililopimwa kwa miligramu, miezi na miezi, na kila kipimo kikipandishwa daktari yuko pembeni na sindano. Bibi alikuwa na kijiko na hakuwa na daktari.

Nilirudi na ndoo kichwani nikakukuta umejikunja. Hatukuwa na kalamu enzi hizo. Tulikupakia kwenye bodaboda katikati yangu na dereva, umekaa wima, kosa jingine hilo, maana mtu akiwa katika hali ile anatakiwa alale na miguu iinuliwe. Kituo cha afya walikuchoma, ukapumua, wakatulaza tukae chini ya uangalizi kwa sababu hali inaweza kurudi baada ya saa kadhaa hata kama hukula tena. Usiku bibi akafika. Alikuwa ametembea kwa miguu njia nzima, na mkononi ameshika ndala zako, zile za bluu, maana tulikubeba pekupeku. Nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Nilimwambia mbele ya manesi. Hakujibu. Akaziweka ndala chini ya kitanda, akatoka, akakaa kwenye baraza hadi kukakucha.

Tukaondoka na basi la asubuhi. Ndiyo ile "nauli" niliyokuwa nakuambia, miaka minne.

Nikiwa hapohapo, nimalize na kesi ya mdogo wako, kwa sababu najua aliyeficha kiatu chake Jumamosi iliyopita ni wewe. "Mbona yeye anaruhusiwa?" Yeye alipimwa kwanza, akaanza kulishwa karanga laini akiwa na miezi sita, daktari anatazama. Mwaka 2015 madaktari wa London wakiongozwa na Gideon Lack walitoa majibu ya utafiti wa watoto wachanga 640, wote wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya yai. Wengine walilishwa karanga mapema, wengine wakazuiwa hadi miaka mitano. Waliozuiwa ndio walioumwa kwa wingi. Miaka ya nyuma wazazi walikuwa wanashauriwa kinyume chake, wasubiri. Kwa hiyo mdogo wako anakula karanga kama anayekunywa dawa, na akiacha muda mrefu kinga hiyo inaweza kupotea. Ndiyo maana kila Jumamosi anapelekwa kula kwa mama jirani, anarudi amenawa kwa sabuni na amepiga mswaki. Hatumpendelei. Na mtoto yule hata hazipendi, anazitema kwenye maua ya watu.

Turudi kwenye safari. Bibi mwaka huu ameuza karanga zake shambani na maganda yake, amekubali bei ya chini ili gunia hata moja lisiingie uani. Mbegu ameziweka kwa jirani. Mjomba anasema amenunua sufuria mpya, mwiko na sahani, akavifunga kitambaa chekundu, na mjukuu mwingine yeyote akivigusa anafukuzwa kwa fimbo. Zile kalamu shangazi yako alizotuletea kutoka Muscat, mbili zilizokwisha muda nilimpa mjomba akamfundishie bibi. Wamefanyia mazoezi kwenye papai. Kuna video. Bibi anachoma, kalamu inalia tik, anaruka nyuma na kulitupa papai. Mara ya pili alilikandamiza huku akihesabu hadi kumi kwa Kigogo.

Wewe kazi yako ni hii. Ndani ya basi watu watakula karanga, Morogoro na Gairo zinauzwa dirishani. Harufu peke yake isikutishe, kinachodhuru ni punje na unga wake kuingia mdomoni, kwa hiyo usile kwa mkono ulioshika siti mpaka unawe kwa sabuni. Maji matupu hayatoshi, na ile dawa ya kupaka mikononi inaua vijidudu, karanga haiondoi. Ukifika, unga wa ugali usikubali wa mashine ya pale njiani, wanasaga nafaka na karanga humohumo. Bibi analijua hilo, lakini shangazi na mama wadogo wa kule ni wengi na kila mmoja anataka kukulisha. Kashata hapana hata mtu akiapa ni ya nazi. Njugu mawe bado hujapimwa, usionje. Mtu akikuambia "kidogo tu", mwambie, "Shikamoo, mimi ni mgonjwa wa karanga," halafu ondoka. Adabu utakuwa umeitoa kwenye shikamoo.

Mdomo ukiwasha, au koo likibana, au tumbo likikata ghafla na mabaka yakatoka, usijifiche na usione aibu. Sema. Lala chini palepale ulipo, na kama pumzi inabana sana, kaa umeegemea. Bibi atakuchoma ubavuni mwa paja, hata juu ya gauni. Hiyo kalamu ni ya miligramu 0.15, inafaa mtoto wa kilo 15 hadi 30, na wewe una kilo 24. Dawa ya maji inasaidia muwasho tu, isitangulizwe badala ya kalamu. Hata ukijisikia umepona usisimame wala kukimbia, subiri gari la mwalimu jirani, mjomba ameshaongea naye, na kalamu ya pili iende nanyi. Bodaboda hapana. Kifuko kikae ndani kivulini kando ya mtungi, si karibu na bati, na si kwenye friji ya duka la watu.

Jambo la mwisho. Bibi macho yake hayasomi tena maandishi madogo, na wewe ndiye wajina wake, hawezi kukukatalia. Jioni ya kwanza, mkishakula, msomee pale nilipoandika habari za mikono yangu, na karanga za vifuko vya shilingi mia, na wewe mgongoni. Ya papai unaweza kuruka, atanuna. Nilimlaumu mama yangu kwa kijiko kimoja mbele ya watu, na yangu nikayaweka ndani ya kanga miaka yote hii. Nimejaribu kumwambia kwa simu mara tatu, kila mara nimeishia kumuuliza bei ya mtama. Soma polepole. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri, kaa upande wa kulia.

Ndala zako mpya nimezifunga kwenye mfuko wa pembeni. Saa kumi nakuamsha.

Mama