Barua ya Malalamiko: Sukari ya Mezani Ndani ya Maziwa ya Kopo ya Watoto Wachanga

Maafisa lishe, wauguzi wa kliniki za watoto na wafamasia
Nyamagana, Ilemela na Ukerewe
MWANZA

Meneja wa Ubora na Usajili wa Bidhaa
(Jina la kampuni limeondolewa katika nakala hii ya wazi)

Ndugu Meneja,

YAH: SUKROSI (SUKARI YA MEZANI) KATIKA MAZIWA YENU YA HATUA YA 1 NA HATUA YA 3

Makopo yenu mawili yanayouzwa katika maduka ya dawa na ya jumla, kuanzia katikati ya jiji la Mwanza hadi Nansio, yana maneno makubwa mbele: “Yametengenezwa kwa viwango vya kimataifa.” Tumeviweka viwango hivyo mezani pamoja na lebo zenu. Haviafikiani, na majibu mliyotutumia kwa barua pepe hayajaondoa tatizo.

Tuanze na kopo la hatua ya 1, la mtoto tangu kuzaliwa hadi miezi 6. Viambato vimeandikwa kwa mpangilio huu: maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, laktosi (sukari ya asili ya maziwa), mafuta ya mimea, sukrosi, maltodekstrini (wanga uliovunjwa kuwa minyororo mifupi ya glukosi), kisha vitamini na madini. Jedwali linasema gramu 100 za unga zina kilokalori 500, kabohaidreti gramu 56, na kati ya hizo laktosi ni gramu 38. Gramu 18 zilizobaki mmezinyamazia. Lakini viambato huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza. Kwa kuwa gramu hizo 18 zinatoka kwenye sukrosi na maltodekstrini peke yake, na sukrosi imetangulia, haiwezi kuwa chini ya gramu 9.

Sasa ipelekeni hesabu hiyo kwenye chupa. Maelekezo yenu ni vijiko 6 vya kupimia, kila kimoja gramu 4.4, kwa mililita 180 za maji. Hizo ni gramu 26.4 za unga, na ndani yake mna sukrosi isiyopungua takriban gramu 2.4. Mtoto wa miezi mitano anayekunywa chupa 5 kwa siku anapata karibu gramu 12: vijiko vitatu vya chai vya sukari, ile ile tunayotia kwenye chai. Nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, yaani sukari ya matunda.

Mlitujibu kwamba kabohaidreti zote “ziko ndani ya kiwango”. Ni kweli, na hatukuwahi kulilalamikia hilo. Kiwango cha Codex (tume ya kimataifa ya viwango vya chakula) cha maziwa ya watoto wachanga, CXS 72 cha mwaka 1981 kilichorekebishwa 2007, kinataka jumla ya kabohaidreti iwe gramu 9 hadi 14 kwa kilokalori 100, na yenu ni 11.2. Ila kifungu hicho hicho kinaendelea. Kinasema laktosi na polima za glukosi (kama maltodekstrini) ndizo zipewe kipaumbele katika maziwa yanayotokana na protini ya ng’ombe, na kwamba sukrosi, isipokuwa inapohitajika, pamoja na fruktosi viepukwe, kwa sababu vinaweza kuhatarisha maisha ya mtoto mchanga mwenye tatizo la kurithi la kutohimili fruktosi ambalo bado halijagunduliwa. Mmenukuu nusu ya kwanza ya kifungu mkaiacha ya pili.

Kuhusu “isipokuwa inapohitajika”, tunaomba mtuambie hitaji lenu ni lipi. Maziwa ambayo protini yake imevunjwavunjwa kwa ajili ya watoto wenye mzio huwa machungu, na hapo hoja ya kufunika uchungu angalau inaweza kusikilizwa. Mtoto asiyeweza kutumia galaktosi, sehemu mojawapo ya laktosi, anahitaji maziwa yasiyo na laktosi, lakini hata kwake maltodekstrini inatosha kuziba pengo. Kopo lenu ni la protini nzima ya ng’ombe na tayari lina laktosi. Hakuna uchungu wa kufunika wala pengo la kuziba. Kinachobaki ni kwamba sukrosi ni rahisi kwa bei na ni tamu: laktosi ina takriban sehemu moja ya tano hadi theluthi moja ya utamu wake.

Hatari yenyewe si ya kufikirika. Mtoto mwenye tatizo hilo ana upungufu wa kimeng’enya kiitwacho aldolasi B. Fruktosi ikifika kwenye ini inaishia njiani, inanasa fosfeti, na ini linashindwa kuachia glukosi. Sukari ya damu inashuka. Mtoto anatapika baada ya chupa, anatoka jasho, analegea, anaweza kupata degedege. Akiendelea kunyweshwa, macho yanageuka manjano, ini linavimba na figo zinaharibika. Akinyonya maziwa ya mama, au akipewa ya kopo yenye laktosi tu, haonyeshi dalili yoyote katika miezi hiyo, kwa kuwa laktosi ni glukosi na galaktosi. Ndiyo maana hakuna anayejua kwamba mtoto analo tatizo hilo hadi kopo kama lenu linapofunguliwa. Tatizo hili ni adimu. Lakini katika zahanati za visiwani hakuna kipimo cha kulithibitisha, na mtoto anayetapika na kupata degedege huku Kanda ya Ziwa atafikiriwa malaria kwanza. Atapewa dawa ya maji, na nyingi kati ya hizo zimetiwa sukrosi au sorbitoli, ambayo mwilini hugeuka kuwa fruktosi. Anazidishiwa kile kile kinachomuua.

Kopo la hatua ya 3, la mwaka 1 hadi 3, lina sukrosi na asali ya unga. Mmeandika sukari zilizoongezwa gramu 17 kwa kilokalori 470, yaani gramu 3.6 kwa kilokalori 100. Kiwango cha Codex CXS 156, kilichopitishwa upya 2023, kinasema sukari zote ndogo zisizo laktosi zisizidi gramu 2.5 kwa kilokalori 100, na sukrosi au fruktosi zisiongezwe kabisa. Tunajua mjadala wa kiwango hicho ulichukua miaka, na kwamba wajumbe walivutana kama utamu wenyewe uwekewe kikomo wakati hakuna njia iliyothibitishwa ya kuupima. Mvutano huo hauwasaidii. Ulihusu utamu wa bidhaa zisizo za protini ya maziwa. Yenu ni ya maziwa, na sukrosi hupimwa maabara kwa gramu.

Mmeandika pia kwamba viwango vya Codex ni vya hiari. Basi futeni maneno yale mbele ya kopo.

Kuna jambo la rafu za duka. Makopo ya hatua zote yana rangi moja na picha moja, tofauti ni tarakimu tu. Hatua ya 3 ni nafuu zaidi, kwa hiyo ndiyo inayonunuliwa kwa mtoto wa miezi minne. Huyo anapewa asali, ambayo inaweza kubeba vijimbegu vya botulizimu (ugonjwa wa sumu unaopoozesha misuli), hatari kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 12.

Tunataka ndani ya siku 21 mtupe kiasi halisi cha sukrosi kwa kila toleo, kwa cheti cha maabara, pamoja na maelezo ya maandishi ya hitaji lake. Hatua ya 1 iondolewe sokoni hadi sukrosi ibadilishwe kwa laktosi. Hatua ya 3 ipoteze sukrosi na asali, na kopo lake lipewe rangi tofauti na umri uandikwe kwa herufi kubwa za Kiswahili.

Tangazo la kuondoa bidhaa liandikwe kwa uangalifu, maana likiandikwa ovyo litaumiza. Liseme wazi kwamba mzazi asipunguze vijiko vya unga ili kupunguza sukari: maziwa mepesi yanamnyima mtoto protini na nishati, na mtoto anakonda huku chupa imejaa. Ahamie kopo ambalo kabohaidreti yake ni laktosi pekee, kwa vipimo vya kopo hilo, na maji yaliyochemshwa yakiwa bado na nyuzi 70 au zaidi, kisha maziwa yapoozwe kabla ya kunyweshwa. Mama anayenyonyesha na kuongezea kopo aelekezwe kliniki asaidiwe kurudisha maziwa yake. Mtoto anayetapika au kulegea kila baada ya chupa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na kopo libebwe ili daktari asome viambato.

Gharama za kurudisha makopo kutoka Ukerewe na visiwa vingine ziwe zenu, si za wenye maduka.

Wenu,

Maafisa lishe, wauguzi na wafamasia waliotia sahihi kwenye kiambatisho

Nakala:
Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Kanda ya Ziwa, Mwanza
Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, Dar es Salaam
Tume ya Ushindani