Mizani Itoke Kwenye Ukumbi wa Dansi

Kwa Waziri mwenye dhamana ya Utamaduni na Sanaa

Mheshimiwa Waziri,

Nimefundisha dansi kwa miaka 19, na barua hii naianza kwa kujishtaki.

Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 16. Muhula mmoja alikonda ghafla, nami nikamwambia mbele ya wenzake, "Umependeza, endelea hivyo hivyo." Akaendelea. Wiki chache baadaye alitua kutoka kwenye mruko aliouruka mara mia, akatua vizuri tu, na mfupa wa muundi ukapasuka. Daktari alimuuliza alipata hedhi lini mara ya mwisho. Akahesabu kwa vidole: miezi minane. Alisema kwa fahari kidogo, maana kwa wasichana wetu hedhi ikikatika huonekana ni ushahidi wa bidii. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi, na siku ile sote tulikuwa tunatoka jasho.

Mwili ukipewa chakula pungufu ya kazi unayofanyishwa, huanza kubana matumizi. Hedhi husimama, homoni zinazolinda mifupa hushuka, mapigo ya moyo hupungua. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua hali hii kuwa ni upungufu wa nishati kwa wanamichezo, wa kike na wa kiume. Mwaka huohuo, uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kuwa hatari ya wacheza dansi kupata maradhi ya ulaji, kama vile kujinyima chakula kupita kiasi, ni takriban mara tatu ya watu wengine. Kwenye baleti, wagonjwa walikaribia 16 katika kila 100. Wavulana nao hujinyima, ila wao tunawasifu kwa nidhamu.

Nitaambiwa dansi ni sanaa ya mwili, na mwili lazima utazamwe. Sawa. Mbona wanamitindo, ambao nao hutazamwa, Ufaransa imewadai cheti cha daktari tangu 2017? Na mambo haya si ya kubuni: mwaka 2019 tume iliyochunguza chuo cha baleti cha Opera ya Taifa ya Vienna ilieleza jinsi wanafunzi walivyoshauriwa kuvuta sigara ili wabaki wembamba. Watoto, Mheshimiwa.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Leseni ya shule ya dansi iwe na sharti kwamba mwalimu hapimi uzito wa mwanafunzi, wala hausomi kwa sauti, wala haugeuzi kigezo cha kumpa nafasi jukwaani. Uzito ukihitajika, aupime mhudumu wa afya, faraghani. Hedhi ikikatika kwa miezi mitatu, ichukuliwe kama jeraha: mwanafunzi apelekwe kwa daktari na nafasi yake ilindwe mpaka arudi. Hilo la nafasi ndilo zito kuliko yote, kwa sababu hakuna binti atakayesema anaumwa akijua kesho yake jina lake litafutwa ubaoni. Na sisi walimu tufundishwe upya. Wengi tunarudia maneno tuliyoambiwa tukiwa na miaka kumi na miwili, tena kwa sauti ileile.

Mizani yangu nimeitoa mlangoni. Mwanafunzi yule hakurudi kucheza. Nikimpigia simu hupokea kwa adabu; mama yake hapokei.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa dansi