Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Hesabu za fedha nawaachia mweka hazina atakayezungumza baada yangu. Itoshe kusema chama hakidaiwi. Ada zinachelewa kama kawaida, na wanaochelewesha wanajijua. Wengi wao leo wamekaa viti vya nyuma.

Kubwa la mwaka huu lilikuwa mada ya kikundi cha historia. Vijana waliomba tupumzike kidogo na habari za nyumbani, tusome habari za hapa mashariki ya London tunapoishi. Wazee walinuna. Walitulia walipoambiwa kwamba kituo cha Canning Town, wanapobadilishia treni kila siku, kiko kwenye ardhi ya Thames Ironworks, kiwanda cha chuma na meli ambacho wafanyakazi wake walianzisha timu ya mpira mwaka 1895. Timu hiyo ndiyo West Ham, wale Wagonga Nyundo wa watangazaji wa kwetu. Nyundo mbili za kwenye jezi ni za mafundi waliokuwa wakigongea ribiti, yaani misumari minene ya kuungia chuma, kwenye mabati ya meli. Baada ya hapo hakuna aliyekosa kikao.

Kiwanda kilianza mwaka 1837 na watu wawili, Thomas Ditchburn fundi wa meli na Charles Mare mhandisi. Walianzia Deptford, moto ukawahamisha hadi Blackwall, pale Mto Lea unapoingia Thames. Ditchburn alipostaafu, Mare alijitanua ng'ambo ya mto, upande wa Essex, kulikokuwa matope matupu. Mwaka 1853 alishua, yaani aliteremsha majini, Himalaya, moja ya meli kubwa kabisa za abiria za wakati ule. Miaka miwili baadaye akafilisika, tena vita vya Crimea, kati ya Uingereza na wenzake dhidi ya Urusi, vikiwa vimepamba moto na oda za serikali zimejaa karakana. Baba mkwe wake, Peter Rolt, ndiye aliyekinusuru kiwanda, na mwaka 1857 kikawa kampuni. Mare mwenyewe alikufa maskini.

Manowari Warrior, iliyojengwa na kiwanda hiki, ndiyo iliyotuchukulia vikao vingi zaidi, na sioni vibaya. Ilikuwa manowari ya kwanza ya Uingereza yenye mwili wa chuma na deraya, yaani bamba nene za chuma za kuikinga na mizinga, urefu zaidi ya mita 120, deraya ya milimita 114 ikiegemea mbao nene za msaji. Bamba nyingi zilitokana na vyuma chakavu, vikachomwa na kufuliwa kwa nyundo za mvuke hadi vikashikana. Siku ya kuishua, tarehe 29 Desemba 1860, baridi ilikuwa kali hata meli ikagandia pale pale ilipojengwa. Mioto ikawashwa kandokando, meli ndogo zikavuta, na bado ilichukua muda kuteremka majini. Sifa zilienea dunia nzima, lakini bei ya zabuni ilikuwa ya chini mno. Bila nyongeza ya fedha kutoka Wizara ya Majini, wizara ya serikali iliyosimamia jeshi la wanamaji, kampuni ingezama kabla ya meli yake.

Hata hivyo kiwanda hatimaye kilifungwa, na hapo ndipo wanachama walipogawanyika: nani alikiua? Wapo waliomlaumu Arnold Hills, mkurugenzi aliyeingia mwaka 1880, mtu asiyekula nyama wala kunywa pombe, aliyewapa wafanyakazi sehemu ya faida na, kuanzia mwaka 1894, siku ya kazi ya saa nane. Wanasema aliwadekeza. Mimi sikubaliani. Chini yake kiwanda kiliijengea Japani manowari Fuji, iliyopigana na Warusi katika vita vya majini vya Tsushima mwaka 1905. Doa lililobaki ni la mwaka 1898, manowari Albion ilipoteremshwa na wimbi lake likavunja jukwaa lililojaa watazamaji. Walikufa zaidi ya watu 30, wengi wao wanawake na watoto.

Ninavyoona, ugonjwa ulikuwa mahali penyewe. Makaa ya mawe na chuma vilikuwa kaskazini, karibu na mito ya Clyde na Tyne, na London kila kitu kilikuwa ghali. Benki ya Overend Gurney ilipoanguka mwaka 1866, karakana nyingi za mto Thames zilikwenda nayo. Thames Ironworks ilibaki kwa sababu ilikuwa na Wizara ya Majini, na mteja mmoja mkubwa akigeuka huna pa kukimbilia. Kazi ya manowari Thunderer, iliyoshuliwa mwaka 1911, ilichukuliwa kwa bei ya kutupa ili watu wasikae bure. Hills, ambaye ugonjwa wa viungo ulikuwa umemlaza, alibebwa kwenye machela akiomba oda nyingine, lakini kazi zilikwenda kaskazini. Mwishoni mwa 1912 milango ilifungwa.

Mzee mmoja wetu, aliyekuwa fundi bandarini Tanga, alituonyesha kwa mikono namna ribiti inavyogongwa ikiwa bado nyekundu. Nadhani tulijifunza zaidi kwake kuliko kwangu.

Warrior bado ipo, imetia nanga Portsmouth na inapokea wageni. Kamati inapendekeza tukaione majira ya kiangazi. Nauli ya basi itajulikana idadi ikithibitika, na safari hii hakuna kukopesha viti. Mkutano ukiridhia, tutaendelea na uchaguzi wa katibu msaidizi. Fomu ziko mezani hapo mbele.