Kabla Hujanunua Beringi Nyingine za Skeiti, Fungua Hizo Ulizo Nazo

Mwezi wa pili, kiangazi kikiwa kimekaza, mama mmoja alituletea skeiti za hoki za mwanawe. Aliziweka juu ya meza ya kazi kwa kishindo.

"Fundi, hizi beringi zimeandikwa ABEC 9. Ni seti ya pili tangu Krismasi. Mbona zinasaga kama kinu?"

"Pole, mama. Kaa kidogo, tufungue moja ujionee."

Nilichomoa gurudumu la mbele, nikasukuma beringi nje, kisha nikapitisha ncha ya sindano chini ya kifuniko chake cha chuma. Girisi haikuwemo. Kulikuwa na uji mzito wa kijivu, na nilipousugua kati ya vidole ulikwaruza kama msasa. Gololi saba zilizomo ndani, ambazo zikiwa mpya hung'aa mpaka unajiona, zilikuwa zimefifia rangi kama sarafu ya zamani. Mama yule alinyamaza, akaigusa, akasema, "Hili ni vumbi la pale uwanjani."

Naam, ni vumbi, na ni lazima tulizungumzie kabla ya kugusa habari ya bei au namba, kwa sababu familia nyingi hapa Nakuru zinapoteza pesa mahali hapo. Wenyeji husema jina la mji wetu limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Na vumbi letu si la kawaida. Tunaishi chini ya Menengai, na udongo wa huku umechanganyika na majivu ya volkano, ambayo ukiyatazama kwa karibu ni vipande vidogo mno vya kioo vyenye makali. Ndiyo maana yanakwaruza chuma.

Sasa turudi kwenye ile namba. ABEC ni kipimo kilichowekwa na kamati ya wahandisi wa beringi nchini Marekani, nacho huenda kwa namba witiri: 1, 3, 5, 7, 9. Kinapima jambo moja tu, yaani vipande vya beringi vimechongwa kwa usahihi kiasi gani. Hakisemi chuma ni kigumu kiasi gani, gololi ni laini kiasi gani, girisi ni ya aina gani, wala kifuniko kinazuia nini. Kwa beringi ya ukubwa wa hizi za skeiti, pete ya ndani ya ABEC 1 inaruhusiwa kuyumba mikroni 10 inapozunguka, na ya ABEC 9 mikroni 1.5. Mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tofauti kati ya beringi ya bei nafuu kabisa na ile ya bei ghali kabisa ni mikroni 8.5, na chembe moja tu ya vumbi la uwanjani mara nyingi ni kubwa kuliko hiyo. Chembe ikishaingia, ule usahihi wote uliolipia umekwisha siku hiyo hiyo.

Kuna na suala la kasi. Mchezaji anayekimbia kilomita 30 kwa saa juu ya gurudumu la milimita 80 analizungusha kama mara 2,000 kwa dakika. Beringi ya kawaida ya skeiti, ya ukubwa uitwao 608, imeundwa kuhimili zaidi ya mara 30,000. Hakuna kijana wa Nakuru, wala wa kwingineko, atakayefika huko kwa miguu yake.

Kwa hiyo mteja akituuliza anunue ipi, tunamwambia atazame kifuniko kabla ya namba. Beringi ikiandikwa ZZ ina vifuniko vya chuma pande zote mbili; vinaacha upenyo mwembamba, na vumbi linapenya. Ikiandikwa 2RS ina vifuniko vya mpira vinavyogusa pete ya ndani. Huzunguka kwa uzito kidogo, lakini kwa mtoto anayecheza kwenye lami iliyopakana na murramu, au uwanja wa shule usio na nyasi, hizo ndizo tunazompa. Uzuri wake mwingine ni kwamba mpira unatoka kwa sindano na kurudi mahali pake bila kupinda, kwa hiyo beringi inaweza kuoshwa. Za chuma nyingi zimebanwa kiwandani na zikitolewa hazirudi vizuri, isipokuwa zile zilizoshikiliwa na kiwaya chembamba cha duara.

Beringi zenye gololi za kauri tunazo mbili tatu, na hatumsukumi mtu azinunue. Gololi hizo hazishiki kutu, ni kweli, lakini pete zinamokimbia bado ni chuma na zinashika kutu kama kawaida.

Ukubwa usikutatize. Skeiti nyingi za hoki hutumia 608: tundu la milimita 8, upana wa nje milimita 22, unene milimita 7. Ni beringi ile ile ya skeitibodi na ya mashine nyingi ndogo, kwa hiyo hata duka la vipuri vya mashine linaweza kuwa nayo. Ya dukani huko huja na girisi nzito na itaonekana nzito siku za kwanza. Mpe mtoto acheze nayo, itafunguka. Hesabu yako ni 16: magurudumu manne kila kiatu, beringi mbili kila gurudumu.

Hapo katikati ya beringi mbili kuna kibomba kidogo cha chuma, wengi wetu tunakiita speisa. Tafadhali msikitupe. Mara kwa mara tunapokea skeiti ambazo mtu alibadilisha beringi nyumbani, kibomba kikabaki sakafuni kikadhaniwa ni takataka. Bila kibomba hicho, ukikaza ekseli, yaani skrubu inayopita katikati ya gurudumu, unazisukuma pete za ndani zielekeane, gololi zinabanwa upande na gurudumu linagoma. Mtoto anaambiwa asikaze sana, analegeza, na gurudumu linaanza kucheza. Kwenye hoki, ambako mchezaji anasimama ghafla kwa kugeuza miguu upande na kulazimisha magurudumu yakwaruze lami, gurudumu linalocheza linaweza kumwangusha vibaya. Tumeona mkono uliovunjika kwa sababu hii.

Kuosha ni kazi ambayo kijana wa miaka kumi na miwili anaweza kujifunza, na tunapenda ajifunze. Toa vifuniko vya mpira uviweke pembeni, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Beringi zenyewe zitie kwenye mtungi wa plastiki wenye kifuniko, mimina mafuta ya taa yazifunike, tikisa, mwaga, rudia mpaka mafuta yatoke safi. Hapo wengi husimama, nasi tunawaomba wasisimame: mafuta ya taa yanaacha utando, kwa hiyo suuza mara ya mwisho kwa spiriti. Zitandaze juu ya kitambaa safi mpaka zikauke kabisa. Mafuta ya taa na spiriti vyote vinashika moto, kwa hiyo fanya kazi nje, mbali na jiko. Petroli na thina usitumie; thina inaharibu kile kiduara cha plastiki kinachozitenganisha gololi.

Zikikauka, tia tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Tone moja au mawili, basi. Mafuta mengi yanavuja nje, yanashika vumbi na kulivuta ndani, na baada ya wiki mbili umerudi kwenye uji ule wa kijivu. Kwa anayecheza penye vumbi sana tunapaka girisi nyepesi badala ya mafuta, kwa sababu inakaa na inasaidia kuziba. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza nati zilizoshika kutu si mafuta ya beringi. Inasafisha, inakauka, inaacha chuma kitupu. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi.

Jambo lingine linatuuma kila tukiliona. Vijana huzipeleka beringi kwa fundi wa pancha zipulizwe kwa kompresa. Zinalia kama firimbi, kila mtu anafurahi. Wakati huo gololi zinakimbia kavu, bila mafuta, kwa kasi ambayo hazitaiona tena maishani, na zinajikwaruza. Upepo si mbaya, ila shika pete zote mbili kwa vidole zisizunguke.

Wala usipime beringi kwa kuizungusha hewani na kuhesabu inakaa sekunde ngapi. Mpya yenye girisi husimama haraka, iliyokwisha na kulegea huzunguka muda mrefu. Zungusha gurudumu polepole sana, ukiwa umelishika karibu na sikio. Ukihisi mkwaruzo baada ya kuosha, au ukiona kutu, au likicheza ukilitikisa upande hata baada ya ekseli kukazwa, hiyo beringi imekufa. Ya kurudisha mahali pake isukume kwa vidole, ikiwa ngumu tumia kipande cha bomba kinachogusa pete ya nje tu. Nyundo inatoboa vishimo ndani ambavyo huvioni, ila utavisikia.

Mvua za masika zikianza, skeiti zilizolowa zisilale ndani ya begi. Toa magurudumu jioni ile ile, futa, tia tone la mafuta.

Kama muda huna, tunaosha hapa karakanani. Seti ya beringi 16 hutuchukua kama saa moja na nusu, na zilizokufa tunakuonyesha kabla ya kubadilisha, kisha unaondoka nazo ukitaka. Leteni viatu vyote viwili hata kama kinacholia ni kimoja, na vibomba vyote mlivyo navyo, hata vile vilivyo kwenye kopo la misumari.