Barua kutoka Ilula

Ilula, Iringa
Agosti

Shoga yangu Zuhura,

Habari za Tanga? Huku asubuhi baridi inakata, wewe ungelala na koti na soksi. Salamu yangu siku hizi ni "Kamwene". Usipoianza vizuri, hata kiti huonyeshwi.

Uliniuliza kama fildi ya mauzo ya pembejeo ni kupiga domo tu. Nami nilidhani hivyo. Nimepewa tisheti, vipeperushi na tageti ya mwezi, nikaambiwa nenda kwa wakulima. Kumbe mkulima wa nyanya wa hapa ananunua kwa mama wa duka, yule anayemkopesha hadi lori la Dar lije kupakia matenga. Huyo mama akisema dawa fulani ni maji, hata uimbe huuzi.

Kwa hiyo nashinda dukani. Juzi mzee mmoja kaja na jani la nyanya kalikunja ndani ya gazeti. Mama duka akaliinua kwenye mwanga wa mlangoni, nami nikachungulia: ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, mna baka jeupe lisilo na umbo, na ndani yake kijifunza cha kijani kinajisogeza. Kantangaze, yule mdudu anayemaliza nyanya. Mzee alikuwa anapiga dawa ileile tangu nyanya zikiwa changa, akiona mdudu hafi anaongeza kipimo. Chupa ya kampuni yetu ilikuwa pale kaunta, ila sumu yake ni ya kundi lilelile, lebo tu ndiyo tofauti. Nikamwambia abadili kundi, maana mdudu akishaizoea sumu ya aina moja, kuongeza kipimo hakusaidii. Mama duka akampa ya kampuni nyingine.

Msimamizi wangu alinuna, na tageti bado iko nusu. Ila sasa mteja akiingia, mama anasema, "Muulize huyu binti wa SUA," yaani chuo chetu cha kilimo cha Sokoine.

Mbegu za mahindi ndiyo kwanza zinaanza kuulizwa, mvua hadi mwishoni mwa Novemba huko. Naonyesha watu kukwangua lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, kama vocha, watume namba kwa simu wajue mbegu ni halali au feki. Wazee wanaifurahia sana hiyo.

Kinachoniudhi ni siku za kusubiri. Lebo inataja siku za kukaa baada ya kupuliza kabla ya kuvuna, kwa herufi za kutafutia miwani. Lakini lori likifika leo na bei imepanda, nani atasubiri? Wewe na kachumbari yako, osha nyanya vizuri, shoga.

Haya, shida yangu sasa. Mwalimu wa chuo anakuja kunikagua wiki ijayo, nami sijui sehemu ya changamoto wanataka iwe ndefu kiasi gani. Ripoti yako ya mwaka jana bado unayo? Piga picha kurasa hizo unitumie WhatsApp, usiku, maana mchana mtandao hapa unasumbua.

Msalimie mama. Tukutane Morogoro chuo kikifunguliwa.

Wako,
Neema